Chembe nyeupe haziishi kwenye damu: kwa wadogo zangu mnaoanza maabara

Ukiingia maabara yoyote ya hapa Dar, iwe ya hospitali ya rufaa au kale kachumba ka zahanati huko Mbagala kenye hadubini moja na feni, kitu cha kwanza utakachozoea ni karatasi ya FBP, kipimo cha picha nzima ya damu. Mashine inanyonya damu, inatoa karatasi, na juu ya karatasi ipo WBC, yaani idadi ya chembe nyeupe. Ikiwa juu, mgonjwa anaambiwa damu yake ina infeksheni. Ikiwa ya kawaida, anaambiwa hana kitu. Ukikaa hapo muda kidogo na wewe utakuwa unasema hivyo hivyo, maana kila mtu anasema.

Ninachotaka kuwaambia mnaokuja field mwaka huu ni kimoja, mengine yote yanatoka humo. Jifunzeni kwanza chembe nyeupe zinakwenda wapi na zinafikaje huko, ndipo msome idadi yake. Kazi yake hasa haifanyiki ndani ya damu. Inafanyika kwenye nyama, kwenye mapafu, kwenye kibofu, chini ya ngozi. Damu kwake ni njia ya kupita.

Shule ya msingi tulifundishwa kuwa chembe nyeupe ni askari wa mwili. Sina ugomvi na mfano huo, ila umalizieni: mnaowahesabu kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau ni askari waliokutwa barabarani saa ile sindano ilipoingia. Walioko kambini hawamo, na walioko vitani hawamo.

Kambi yenyewe ni uboho wa mifupa. Mtu mzima mwenye afya hutengeneza nyutrofili, aina ya chembe nyeupe iliyo nyingi kuliko zote kwenye damu, kama bilioni 100 kila siku, na akiba ya zilizokomaa hubaki humo humo kwenye uboho zikisubiri kuitwa. Hata hizo zilizokwisha kuingia kwenye damu, karibu nusu hazielei katikati ya mkondo. Zimejishikiza pembezoni kwenye mishipa midogo, kwenye mapafu, kwenye bandama. Sindano yako haizipati. Sasa fikiria mtoto aliyelia na kurusha miguu dakika kumi akishikwa na watu wawili, au mzee aliyepanda ngazi hadi ghorofa ya nne kwa sababu umeme umekatika na lifti imelala. Adrenalini inazibandua kutoka pembezoni, zinaingia kwenye mkondo, na WBC inapanda bila bakteria hata mmoja kuhusika. Dawa za steroidi kama prednisoloni na deksamethasoni hufanya jambo la namna hiyo, tena zaidi: zinabandua zilizoshika ukuta, zinazuia zisitoke kwenda kwenye nyama, na zinafungua mlango wa uboho. Kwa hiyo kabla ya kusema lolote kuhusu WBC ya juu, angalia fomu: mjamzito? yuko kwenye uchungu? ametoka kufanyiwa upasuaji? Na muulize mgonjwa alichotumia, kwa upole, maana wengi hupita duka la dawa kabla ya kufika kwako na hawapendi kusema.

Sasa zinatokaje nje ya mshipa? Hapa ndipo wanafunzi wengi hukariri majina wakasahau tukio. Chukua kijana aliyekanyaga msumari uwanjani. Bakteria wameingia kwenye unyayo. Makrofaji, seli za kumeza wavamizi ambazo ni wenyeji wa nyama hiyo, wanawatambua na kumwaga kemikali za kuashiria hatari. Mishipa midogo jirani inatanuka, ndiyo maana pale panakuwa pekundu na pa moto, inaanza kuvuja maji, ndiyo uvimbe. Ukuta wa ndani wa mshipa unabadilika sura. Kuna protini ziitwazo selektini: moja imewekwa tayari ndani ya seli za ukuta na hujitokeza kwa dakika chache, nyingine hutengenezwa upya na huchukua saa kadhaa.

Nyutrofili inayopita kwa kasi inanaswa na selektini hizo, inaachia, inanaswa tena. Matokeo yake inabiringika ukutani polepole wakati chembe nyekundu zinaipita. Kubiringika huko ndiko kunakoipa nafasi ya kugusa kemokini, kemikali za kuita chembe nyeupe, zilizopangwa juu ya ukuta, mojawapo ikiwa ni IL-8. Ikizigusa, protini nyingine kwenye ngozi yake, integrini, ambazo zilikuwa zimejikunja, zinafunguka na kushika barabara. Nyutrofili inasimama kabisa, imejibana bapa ukutani huku damu inaipita juu. Kisha inatambaa kutafuta upenyo kati ya seli na seli, inapenyeza kidole cha mwili wake, na dakika chache baadaye iko nje. Kiini chake chenye vipande vipande, kile mnachokitumia kuitambua kwenye slaidi, kinakunjika kwa urahisi kwenye upenyo mwembamba. Haya yote hutokea zaidi kwenye vena ndogo, ambako mkondo ni mtulivu. Mapafu yana utaratibu wao: kapilari zake nyingi ni nyembamba kuliko nyutrofili yenyewe, kwa hiyo inapita kwa kujibana, hakuna nafasi ya kubiringika.

Majina yakaririni, mtihani utayauliza. Kazini bakini na mfuatano: kunaswa, kubiringika, kusimama, kupenya, kisha kufuata.

Ukitaka ushahidi kwamba mfuatano huu si mapambo ya vitabu, wapo watoto wachache sana duniani wanaozaliwa bila sehemu moja ya integrini iitwayo CD18. Uboho wao unafanya kazi vizuri. WBC yao iko juu mno, juu kuliko hata mgonjwa wa nimonia. Lakini vidonda vyao havitoi usaha, haviponi, na kitovu kinachelewa kudondoka, wakati mwingine zaidi ya mwezi. Chembe zimejaa barabarani na hakuna inayoweza kushuka. Huenda usikutane naye maisha yako yote ya kazi. Ila ukiona faili la mtoto mchanga anayerudi rudi na maambukizi, WBC ya kutisha kila mara, na hakuna usaha mahali popote, usiishie kubandika jibu. Mtafute daktari.

Zikishatoka nje ya mshipa, zinajuaje pa kwenda? Bakteria huanza kutengeneza protini zake kwa asidi amino aina ya methionini iliyowekewa alama ndogo ya fomili. Seli zetu hazifanyi hivyo, isipokuwa mitokondria, ambazo asili yake ni bakteria. Nyutrofili ina vipokezi maalumu vya vipande hivyo vyenye alama. Juu ya hapo kuna C5a, kipande cha mfumo wa komplementi (protini za kinga zilizomo kwenye damu) kinachokatika pale bakteria walipo. Kemikali hizi huwa nzito karibu na chanzo na nyepesi kwa mbali, na nyutrofili inalinganisha uzito wa mbele na wa nyuma ya mwili wake yenyewe, mwili usiozidi mikromita 15. Tofauti ya asilimia moja au mbili inatosha kuipa uelekeo. Upande wa mbele protini iitwayo aktini inajijenga na kusukuma, upande wa nyuma nyingine, miosini, inakaza na kuvuta mkia. Mwendo wake ni mikromita 10 hadi 20 kwa dakika, yaani kama urefu wa mwili wake kila dakika. Milimita moja inaichukua karibu saa nzima au zaidi.

Katika miaka ya 1950 David Rogers wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, alirekodi filamu ya nyutrofili ikifukuza bakteria wa stafilokoki kati ya chembe nyekundu, ikikata kona kila bakteria anapokata, mpaka ikammeza. Ipo mtandaoni, itafuteni. Lakini msiishie kutazama simu, kwa sababu jambo lenyewe mnaweza kuliona hapo hapo mlipo.

Ombeni ruhusa kwa mkuu wa maabara siku isiyo na foleni ya wagonjwa. Vaa glavu, chukua tone dogo la damu ya kidole, weka kwenye slaidi safi, funika kwa kioo chembamba, paka vaselini kwenye kingo zake zote nne ili isikauke. Usiweke rangi yoyote, rangi inaua. Acha kama robo saa. Nyutrofili zitashuka na kushika kioo. Tumia lenzi ya 40, shusha kondensa na ubane mwanga, la sivyo utaona weupe mtupu. Tafuta kati ya chembe nyekundu kitu chenye punje punje zinazotetemeka ndani. Hiyo ndiyo. Mwanzoni utadhani imekaa tu. Itazame. Upande mmoja unatoka ukingo mwangavu usio na punje, unasambaa kama maji yanayotafuta njia, kisha punje zinamiminika kuufuata, halafu mkia unavutwa na chembe nyekundu zinasukumwa kando. Chora umbo lake, subiri dakika moja, chora tena. Michoro haitafanana.

Kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali hazitembei vizuri, zinapenda joto la mwili. Kizimeni. Joto la Dar la Februari, ambalo wote tunalilaani, kwa zoezi hili ni msaada mkubwa. Ukimaliza, slaidi iingie kwenye dawa ya klorini kama slaidi nyingine yoyote.

Aliyeanza kuyaona haya kwa macho ya kuelewa ni mwanabiolojia Élie Metchnikoff, mwaka 1882, akiwa Messina kisiwani Sicily. Alichukua viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo mwili wake ni mwangavu, akavichoma miiba ya waridi, na asubuhi yake akakuta seli zimeizunguka miiba. Hakuna mishipa ya damu mle, hakuna uboho, na bado seli zilisafiri. Mwaka 1908 aligawana Tuzo ya Nobel na Paul Ehrlich, huyo ambaye kazi yake ya rangi ndiyo chanzo cha sisi kuzitenga chembe kwa majina: zinazopenda rangi nyekundu ya eosini, zinazopenda rangi za besi, na zisizoegemea upande, ndizo nyutrofili. Viti vya pweza mnavikanyaga ufukweni Kigamboni kila maji yakitoka. Vipeni heshima kidogo.

Zikifika, nyutrofili zinameza bakteria, zinammwagia vimeng'enya na kemikali kali zinazotokana na oksijeni. Nyingine zinatapika nyuzi za DNA yake yenyewe zilizopakwa sumu, zikawanasa bakteria humo. Hilo lilielezwa mwaka 2004 na watafiti wa Berlin. Kisha zinakufa. Usaha ni maiti zake pamoja na bakteria na nyama iliyoyeyuka, na ule ukijani wa usaha unatokana na kimeng'enya cha nyutrofili chenye madini ya chuma, mieloperoksidasi. Monosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, huja nyuma, wengi siku ya pili, wakigeuka makrofaji na kusafisha. Na wakati huo seli nyingine zimebeba vipande vya bakteria kupitia mishipa ya limfu hadi kwenye tezi kuwaonyesha limfosaiti, chembe nyeupe za aina nyingine tena. Yule kijana wa msumari akianza kulalamika mtoki kwenye kinena wakati kidonda kiko unyayoni, hayo ndiyo yanayoendelea.

Turudi mezani. Kama mnataka kujua vita ikoje, hesabuni waliofika. Mara nyingi sampuli isiyo ya damu inasema zaidi kuliko FBP, na ndiyo sampuli inayodharauliwa.

Chukua mkojo. Hapa mjini kila mwenye homa na maumivu ya kiuno ameshawahi kuambiwa ana UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Zile seli za usaha mnazoandika kwenye jibu ni nyutrofili zilizotoka kwenye damu zikapenya hadi kwenye njia ya mkojo. Zikizidi tano hivi kwa uwanja wa lenzi ya 40, kuna kitu kimeziita. Lakini kilichoziita si lazima kiwe bakteria wa kawaida. Kichocho kinaziita. Kifua kikuu cha figo kinaziita, na ukiotesha mkojo huo kwa njia ya kawaida hauoti kitu. Kwa mwanamke, zinaweza kuwa zimetoka ukeni kwa sababu hakuelekezwa namna ya kukinga mkojo wa katikati. Mwelekeze. Dakika moja ya maelezo pale dirishani inaokoa dawa ya wiki nzima.

Chukua kinyesi cha kuhara damu. Kikiwa cha bakteria wa shigela, uwanja wote umejaa nyutrofili. Kikiwa cha amiba, utaona chembe nyekundu nyingi na nyutrofili chache, kwa sababu amiba huyo anaziua zinapomkaribia. Uchache wake hapo ni jibu lenyewe, hivyo angalia kwa makini zaidi kama kuna amiba anayetembea na chembe nyekundu tumboni mwake, na uangalie kikiwa bado cha moto. Makohozi ya kuotesha nayo yachunguzwe kwanza: kwa lenzi ya 10, yenye nyutrofili zaidi ya 25 na seli za mdomo pungufu ya 10 yametoka kifuani, yaliyo kinyume chake ni mate, rudisha. Sheria hiyo haihusu makohozi ya kifua kikuu, msichanganye. Na usaha wa mwanaume mwenye kisonono, ukiupaka rangi ya Gram, utakuonyesha kitu ambacho hutakisahau: nyutrofili imejaa jozi za bakteria wekundu ndani yake huku jirani zake hazina hata mmoja.

Muda ni adui kuliko mnavyodhani. Nyutrofili ni seli ya maisha mafupi, na ikitolewa mwilini inaharibika haraka. Sampuli iliyotoka Kigamboni asubuhi, ikasubiri boda, ikasubiri kivuko, ikakaa kwenye foleni kwenye jua, ikakufikia mchana, itakuonyesha viini vilivyovimba na matundu kwenye saitoplazimu. Ukiyaona matundu hayo kwenye damu mbichi, ni dalili ya maambukizi makali. Ukiyaona kwenye damu iliyochakaa, ni uchakavu. Huwezi kuyatofautisha kama hujui saa ya kutolewa, kwa hiyo fomu isiyo na saa irudishe au piga simu. Tengeneza slaidi mara damu inapofika hata kama mashine ina foleni, na ikaushe vizuri, maana unyevu wa hapa pwani unaharibu umbo la seli.

Slaidi hiyo ndiyo itakayokuambia mambo ambayo namba haisemi. Nyutrofili changa zenye kiini cha utepe zikiongezeka, uboho unatoa hata zisizokomaa. Punje zikiwa nzito na nyeusi, zimetengenezwa kwa haraka. Mtu mwenye maambukizi mazito sana anaweza kuwa na WBC ya chini kwa sababu zote zimeshashuka kwenye nyama na uboho umeshindwa kufidia. Hiyo ni hatari kuliko ya juu, na karatasi haipigi kelele. Kwa wagonjwa wa selimundu, kumbuka mashine nyingi huhesabu chembe nyekundu changa zenye kiini kama nyeupe. Zihesabu kwa kila nyeupe 100, kisha sahihisha.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi kuliko wanavyohusika waliotengeneza mashine. Waafrika wengi, Watanzania tukiwemo, hatuna protini ya Duffy kwenye chembe nyekundu. Kukosa huko kunatukinga kwa kiasi kikubwa na malaria ya vivaksi. Kunafanya pia nyutrofili kwenye damu zetu ziwe chache kuliko za Wazungu, bila kutuongezea maambukizi: uboho uko sawa, na zikiitwa zinakwenda. Protini hiyo hiyo hushika kemokini, zile zile za safari niliyoieleza juu, na kwenye ukuta wa vena ndogo sisi bado tunayo. Iliyokosekana ni ya kwenye chembe nyekundu tu. Ila karatasi ya mashine, ikiwa na viwango vilivyowekwa kiwandani, itabandika L, yaani ya chini, mbele ya nyutrofili za mtu mzima mwenye afya. Ukiona nyutrofili 1,400 katika mikrolita ya damu kwa kijana asiye na homa, aliyekuja kupima kwa ajili ya ajira, usimtishe. Tafuta vipimo vyake vya zamani, kama ziko hapo hapo miaka yote hiyo ndiyo kawaida yake. Jambo hili linagusa hata malaria: mnapohesabu vimelea kwa chembe nyeupe 200 mkazidisha kwa 40, mmechukulia kuwa mgonjwa ana WBC 8,000. Akiwa na 4,000, mmemwandikia vimelea mara mbili. Kama FBP yake ipo, tumieni namba yake halisi.

Mwisho maji ya uti wa mgongo, ambayo yakifika uache kila kitu. Yahesabuni ndani ya saa moja, kwa sababu nyutrofili humo zinapotea haraka kuliko kwenye damu. Nyutrofili nyingi, fikiria bakteria. Limfosaiti nyingi, fikiria kifua kikuu au virusi, na uliza kama mgonjwa ameshaanza dawa, maana antibiotiki za juzi hubadilisha picha. Na chembe zikiwa sifuri kwa mtu mwenye VVU na kichwa kinachouma wiki mbili, usiandike kuwa maji ni ya kawaida ukafunga daftari. Kinga yake imechoka, haina wa kutuma, na fangasi wa kriptokoki wanaweza kuwa wamejaa humo bila chembe nyeupe hata moja kuwafuata. Weka tone la wino wa India, funika, punguza mwanga, tafuta duara lenye ukungu mweupe pembeni. Kipimo cha antijeni ya fangasi huyo kikiwepo, kifanye pia siku hiyo hiyo, kabla hujampigia simu daktari wa wodi.